Mtoto akisema neno juu ya mfanyakazi: kosa letu, na njia tunayofuata leo



Jambo tunaloandika wiki hii tumekaa nalo moyoni kwa muda mrefu, kwa sababu linatugusa sisi wenyewe wa kamati. Tumebadilisha mambo machache ili mtoto na jamaa yake wasijulikane. Mengine ni kama yalivyokuwa.

Ilikuwa wakati ambapo watu waliokimbia vita walipokelewa katika familia za mtaa wetu. Shirika moja lilifungua mahali pa watoto kuchezea: mahema mawili, mipira, kamba za kuruka, karatasi za kuchora. Watoto walikwenda kila siku baada ya masomo. Tulifurahi, kwa sababu mama aliyekwenda shamba alijua kwamba mtoto wake yuko mahali pazuri.

Alhamisi moja mama wa kikundi chetu alikuja na neno. Binti wa dada yake, mwenye miaka 11, alikuwa amekataa kurudi kule kwenye mahema. Alipoulizwa sababu, alisema kwamba mmoja wa wale vijana wanaowachezesha anamwambia abaki nyuma wenzake wakitoka, anampa biskuti, na anamkataza kumwambia mama. "Mimi sitaki tena biskuti yake." Hayo ndiyo maneno ya mtoto.

Tulifanya nini? Siku hiyo tulikuwa tumekaa kwa ajili ya akiba ya AVEC, wamama tisa, sanduku liko katikati. Tukasema mtoto aletwe. Akaja bado amevaa nguo za shule, tukamsimamisha mbele yetu. "Sema tu, mama, usiogope." Huyu aliuliza hivi, yule aliuliza vile. Mmoja wetu alimwuliza kama si yeye mwenyewe aliyependa biskuti. Mtoto akatazama chini, akasema: "Hapana kitu." Tangu siku ile hakusema tena.

Kesho yake wawili kati yetu walikwenda kumwona yule kijana. Walitaka kumrudi kama mtoto wao wa kuzaa. Akakana, akaapa kwa jina la Mungu. Siku ya Mungu jamaa zake wakaja pamoja na shefu wa avenyu, wakaleta mbuzi wawili na karatasi ya kutia sahihi kwamba maneno yamekwisha. Baba ya mtoto akatia sahihi. Jumanne yule kijana hakuonekana tena kazini. Shirika halikujua lolote: aliwaambia kwamba mama yake mzazi ni mgonjwa. Mwaka uliofuata, mwenzetu aliyekwenda kuuza ndizi katika mji mwingine alimkuta amevaa jile ya shirika lingine, watoto wamemzunguka.

Hatusemi kwamba alikuwa na kosa. Hatujui mpaka leo alifanya nini na hakufanya nini, na hiyo ndiyo aibu yetu. Njia ya kuujua ukweli ilikuwepo, na sisi tuliivunja kwa mikono yetu, tukidhani tunamlinda mtoto.

Kwa hiyo tulitafuta kuelewa: neno kama lile linapaswa kupita wapi? Nani anapokea, nani anachunguza, nani anakata shauri? Tulisoma, tuliuliza wanasheria na watu wa mashirika, tukakaa pia na wamama waliopita katika hali hiyo. Tunawaandikia hapa tuliyoyapata.

KILICHOTOKEA KWETU WAKATI WA EBOLA

Hatuwezi kuzungumza juu ya jambo hili bila kutaja Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ukianzia Mangina, ukafika Beni, Butembo na Ituri. Uliisha mwezi wa sita 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2.200. Wageni wengi walikuja na magari na mishahara ya dola. Wasichana wetu walitafuta kazi ya kusafisha, kupika, kuandika majina. Kwa wengine, kazi hiyo iliombwa kwa mwili.

Mwezi wa tisa 2020 waandishi wa habari walitoa nje ushuhuda wa wanawake 51 wa Beni. Ndipo Shirika la Afya Duniani likaweka tume ya kujitegemea iliyoongozwa na wanawake wawili: Aïchatou Mindaoudou wa Niger, na mama wa kwetu Julienne Lusenge, anayejulikana kwa kazi yake katika SOFEPADI. Ripoti yao ilitoka tarehe 28 mwezi wa tisa 2021. Ilitaja watu 83 walioshitakiwa, 21 kati yao wakiwa wa Shirika la Afya lenyewe. Kati ya walioumizwa alikuwemo msichana mdogo wa Mangina, aliyekuwa akiuza kadi za simu kando ya barabara. Alisema kwamba shofere alisimamisha gari akajitolea kumpeleka nyumbani, kumbe alimpeleka hotelini. Alizaa mtoto.

Tukisoma ripoti hiyo, kinachoumiza zaidi ni kwamba malalamiko mengine yalikuwa yamefika kwa wakubwa mapema, kisha yakalala. Ilidaiwa kwamba lazima yaandikwe. Mara moja ilionekana kwamba mwanamke aliyelalamika si "mwenye kusaidiwa" na shirika, basi mambo yake hayawahusu. Angalieni hapo. Shirika lilikuwa na sheria nzuri kwenye karatasi, lakini mlango wa kuingilia ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mtu aliyeumizwa hakuweza kupita.

Kwa hiyo mama akitaka kujua kama shirika linawalinda watoto, asitazame picha zilizobandikwa ukutani. Auleze mlango uko wapi, na neno likiisha kuingia linakwenda wapi.

SHERIA ZINASEMA NINI

Katika nchi yetu mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inasema hivyo. Mtu mzima akilala na mtoto, hata kama mtoto "alikubali", hata kama alipewa simu au minervali, sheria inaita hiyo ubakaji, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 7 hadi 20.

Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006 juu ya mabaya ya kijinsia inaongeza mambo matatu ambayo kila mama ayashike. La kwanza, ofisa wa polisi ya sheria akipokea neno kama hilo anapaswa kulijulisha parke ndani ya masaa 24. La pili, ukubwa wa cheo cha mtu hauwezi kumwondolea kosa wala kumpunguzia adhabu. La tatu, kulipa faini hakuzimi mashitaka. Kama faini ya serikali haizimi, basi mbuzi wawili na karatasi ya shefu wa avenyu haviwezi kuzima. Ile karatasi baba alitia sahihi haikuwa na nguvu yoyote. Iliwafunga midomo watu wa nyumbani tu.

Mashirika ya Umoja wa Mataifa, pamoja na ONG nyingi zinazofanya kazi nayo, yana kanuni nyingine tangu 2003. Mwaka uliotangulia ilijulikana kwamba wafanyakazi wa misaada katika kambi za wakimbizi za Guinée, Liberia na Sierra Leone walikuwa wakiwadai wasichana miili yao ili wawape chakula. Kanuni iliyotoka baadaye inakataza mambo ya kimwili na mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, na kusema "nilifikiri ni mkubwa" si sababu. Inakataza kubadilisha kazi, pesa au msaada kwa mwili. Tena inamlazimisha kila mfanyakazi anayemshuku mwenzake, wa shirika lake au wa shirika lingine, kulisema. Mfanyakazi akijua na kunyamaza, naye ana kosa.

Neno "mfanyakazi" lisiwapoteze. Si yule mwenye biro na kompyuta tu. Ni shofere, mlinzi wa lango, mpishi, mwalimu, katekista, mwenye kufundisha kwaya, relé wa afya, mwenye kujitolea bila mshahara, fundi aliyeitwa kujenga choo kwa siku tatu. Kila mtu anayewafikia watoto kwa sababu ya kazi ya shirika yuko ndani. Na chama chetu ni shirika pia.

NJIA YA NENO, HATUA KWA HATUA

Neno linaanza kwa mtoto, au kwa mtu aliyeona kitu. Shirika linalofanya vizuri lina milango mingi: mtu anayejulikana wa kupokea malalamiko, ambaye watu wa mradi wanamwita pointi fokali, namba ya simu isiyolipiwa, sanduku lenye kufuli, siku ya kusikiliza watu. Linapokea neno la mdomo na la karatasi, la mwenye kutaja jina na la asiyetaja. Uvumi pia linaupokea, kwa sababu kupokea si kuamini na si kukataa. Kupokea ni kupokea.

Pointi fokali hachunguzi. Hapa ndipo wengi hukosea, kama sisi tulivyokosea. Kazi yake ni kuandika maneno jinsi yalivyosemwa, kuangalia kama mtoto yuko salama usiku huo, kumwelekeza kwa mganga na kwa wasaidizi wengine, na kulipeleka neno juu, kwa kawaida ndani ya masaa 24. Halipeleki kwa mkubwa yeyote aliye karibu. Analipeleka kwa yule aliyewekwa kwa kazi hiyo. Kama anayeshitakiwa ndiye mkubwa wa biro, neno linapita juu yake: makao makuu, au wale wanaolipa mradi.

Hatua inayofuata ni kumtenga mfanyakazi na watoto. Mara nyingi anasimamishwa kazi huku mshahara wake ukiendelea. Watu wengi wakisikia kwamba bado analipwa hukasirika, lakini kuna hekima ndani yake. Kumsimamisha si kumhukumu. Ni kuwalinda watoto wakati wa kutafuta ukweli, na kumlinda yeye pia asitukanwe kila siku. Kumhamisha kituo ni jambo lingine kabisa. Shirika likimhamisha kimya mtu aliyeshitakiwa, limechukua hatari ya mtaa wetu likaipeleka kwa watoto wa wenzetu.

Kisha wanaficha mahali salama vitu ambavyo vinaweza kushuhudia: daftari la magari, zamu za walinzi, orodha ya watoto waliokuja siku ile, ujumbe wa simu ya kazi. Ndiyo sababu haifai kumwonya mtu mapema. Wale wawili wetu waliokwenda "kumrudi" yule kijana walimpa siku tatu za kupanga maneno yake, kuwafikia watu, na kukimbia.

Wachunguzi ni watu waliofundishwa, mara nyingi wawili, mmoja wao mwanamke, na hawatoki katika biro ileile. Mtu hawezi kumchunguza rafiki anayekula naye saa sita. Wanawasikiliza mashahidi mmoja mmoja. Mtoto anasikilizwa mara chache iwezekanavyo, mahali pa utulivu, na mtu anayemwamini akiwa karibu. Maswali yake ni ya wazi: "Nieleze siku ile." Hawaulizi: "Alikushika hapa, si ndiyo?" Swali la namna hiyo linamtia mtoto maneno kinywani, na baadaye avoka wa upande mwingine atalitumia kuangusha neno lote. Mfanyakazi naye anasikilizwa, kwa kawaida mwishoni. Anaambiwa anashitakiwa nini na anapewa nafasi ya kujibu.

Wanaochunguza hawakati shauri. Wanaandika ripoti, wengine wanaamua. Hapa kuna jambo ambalo lilitusaidia sana kuelewa. Shirika linauliza: kwa yote tuliyopata, ni lipi lenye uzito zaidi, kwamba ilitokea au kwamba haikutokea? Likiona ilitokea, linamfukuza. Tribinali inadai zaidi, kwa sababu inaweza kumfunga mtu miaka mingi: mashaka yakibaki, mtu anaachiliwa. Kwa hiyo mtu anaweza kufukuzwa kazi bila kufungwa. Na uchunguzi wa shirika hauchukui nafasi ya polisi wala parke. Shirika linaweza kunyang'anya mtu kazi, lakini haliwezi kumhukumu mhalifu.

Kuna mwisho wa tatu: kukosa ushahidi wa kutosha. Huo si sawa na kusema mtoto alidanganya. Tunawaomba wamama wasiruhusu watu mtaani wageuze "haikuonekana wazi" kuwa "mtoto ni mwongo".

Mwishoni shirika linarudi kwa aliyeleta neno na kumwambia limefika wapi, hata kama haliwezi kueleza yote. Na linafanya mtu yule asipite mlango mwingine. Tangu 2018 Umoja wa Mataifa una orodha ya ndani ya kuzuia waliofukuzwa kwa mabaya ya kijinsia wasiajiriwe tena na wenzao. Tangu 2019 ONG nyingi zimekubaliana kuulizana, kabla ya kuajiri, kama mtu alionekana na kosa la namna hiyo katika miaka mitano iliyopita. Lakini orodha hizo zinajua tu yaliyochunguzwa. Yule kijana wetu hakuandikwa popote, kwa sababu sisi tulimmaliza kwa mbuzi.

KAZI YA MAMA NI IPI

Mkisoma hayo mtasema: basi mama hana kazi. Ana kazi kubwa kuliko zote, kwa sababu mtoto hasemi kwanza na mchunguzi. Anasema jikoni, akisaidia kuchambua sombe, au usiku mkiwa mmelala. Anasema nusu, kisha anatazama uso wako.

Uso ukibaki mtulivu, anaendelea. Mwambie: "Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako. Nitatafuta watu wa kutusaidia." Usiahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa sababu ahadi hiyo huwezi kuishika. Usimwulize kwa nini hakupiga kelele. Usimwulize tena na tena, wala usimwite shangazi, mjomba na jirani kila mmoja asikie mwenyewe. Kwa mtoto, kila kusimulia ni kurudi mahali pale.

Akinyamaza, chukua kaye uandike: tarehe, saa, maneno yake kama alivyoyasema, si kama wewe ulivyoyaelewa. Kama alisema "aliniumiza na kitu chake," andika hivyo hivyo. Kaye ifichwe.

Kama mtoto ameguswa kimwili, mganga anatangulia mambo yote. Dawa ya kuzuia ukimwi inafaa ikianzwa ndani ya masaa 72, na inavyoanzwa mapema ndivyo inavyofaa zaidi. Dawa ya kuzuia mimba nayo haingoji siku tano zipite. Kama inawezekana, asioge kabla ya kuonwa. Nguo alizovaa zisifuliwe. Ziwekwe katika karatasi, si katika sashe ya plastiki. Lakini kama amekwisha kuoga, au siku zimepita, mpelekeni tu. Mganga bado ana kazi ya kufanya, na karatasi yake itahitajika kwenye parke.

Halafu peleka neno mahali pake. Kama ni mabaya ya mwili, ni polisi ya ulinzi wa mtoto au parke, pamoja na shirika. Kama ni dalili tu, kwa mfano mfanyakazi anayempa mtoto mmoja zawadi za siri, anayemwita peke yake, anayemtumia ujumbe usiku, peleka kwa shirika. Usingoje mpaka dalili igeuke kuwa jeraha. Biskuti ya yule mtoto ilikuwa dalili, na ilitosha.

SAFARI YA PILI

Miaka kadhaa baadaye neno lingine lilitufikia. Shofere wa mradi alikuwa akiwapa wasichana wa sekondari lifti, na mmoja wao alikuwa na simu mpya ambayo mama yake hakuinunua. Mama huyo alikuja kwa wapokeaji wetu wawili, si mbele ya kikundi. Mmoja alimsikiliza, aliandika nusu ukurasa, na asubuhi yake walikwenda wote wawili kwa pointi fokali wa shirika. Hatukumgusa shofere. Hata sisi wengine wa kamati hatukujua ni nani.

Ndani ya siku mbili gari lilikuwa na shofere mwingine. Wachunguzi walitoka mji mwingine. Daftari la gari lilionyesha safari ambazo hakuna kazi iliyoziomba. Ilichukua wiki sita. Mtu alifukuzwa, na faili ikafika parke, ambako ilikwenda polepole kuliko tulivyotaka.

Hatutaki kuwadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Wakati wa uchunguzi mradi ulisimamisha mgawanyo wa mbegu kwa muda, na watu wakaanza kunong'ona: nani aliyetuharibia? Mama yule alitukanwa kwenye maji. Jirani alimwambia kwamba kwa ajili ya simu moja ya binti yake watoto wa watu watalala njaa. Kwa majuma kadhaa alichota maji alfajiri ili asikutane na mtu. Sisi tulipanga zamu ya kumsindikiza. Tena tulirudi kwa shirika mara mbili kuuliza: mbegu zinahusikaje na mtu mmoja aliyekosa? Mara ya pili mgawanyo ukaanza tena. Na jibu la uchunguzi lilikuja kwa sababu tulidai. Kama tungengoja lije lenyewe, tungali tunangoja.

Binti yule alirudi shule. Hayo tu tutasema juu yake.

MASWALI YA KUULIZA, TUKIANZIA KWETU

Kila shirika linapokuja kuomba kufanya kazi na watoto wenu, waulizeni kabla ya kupiga makofi: Nani anapokea malalamiko, na tunampata wapi siku ya Mungu? Asiyejua kuandika anafanyaje? Kama mkubwa wenu ndiye mwenye kosa, neno linapita wapi? Mfanyakazi akishitakiwa, mnamsimamisha au mnamhamisha? Mtaturudishia jibu baada ya siku ngapi? Tukilalamika, msaada utaendelea? Mwenye nia njema hatakasirika kwa maswali hayo.

Kisha tuelekeze maswali hayo hayo kwa shule, kwa kanisa na msikiti, kwa kwaya na timu za mpira, na kwa chama chetu. Sisi tulipojiuliza tulikuta kwamba hatukuwa na jibu hata moja. Leo tuna wapokeaji wawili waliochaguliwa na wanachama, kaye moja inayofungwa kwa ufunguo, na mapatano kwamba hakuna mtoto atakayeulizwa mbele ya kikundi tena. Tumekubaliana pia kwamba neno likimhusu mmoja wetu wa kamati, ama mume au mtoto wake, wapokeaji watalipeleka nje ya chama bila kutuuliza. Kifungu hicho ndicho kilichotuchukua vikao vingi zaidi. Lakini tulikipitisha.

Yule binti wa biskuti sasa ni msichana mkubwa. Anapita mbele ya mahali petu pa kukutania, anasalimu kwa heshima, haingii. Rais wetu wa chama alikwenda kumwona mwaka huu, peke yake, akamwambia: "Mwanangu, siku ile tulikukosea. Wewe hukukosa." Binti alikaa kimya kidogo, akasema: "Asante, mama." Hatukumwuliza lingine.

Kwa kuzungumza katika vikundi juma hili: Mtoto wako akitaka kusema neno zito, atalisema kwa nani, na kwa nini kwa huyo? Katika avenyu yenu, mlango wa malalamiko wa kila shirika uko wapi? Na mama atakayethubutu kusema, ni nani kati yenu atakayemsindikiza kwenye maji?